Bahari Isiyo na Watu

Bi Khairiya hakuuliza watu wale walitoka wapi. Aliuliza ni nani mwingine aliyewaona.

Alisimama mlangoni mwa majlisi, sebule yao ya wageni, sinia la halwa mikononi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya picha iliyoegemezwa ukutani, pamba yenye dawa ingali kati ya vidole vyangu. Chini ya milingoti ya merikebu, mahali ambapo watoto wa nyumba ile wote walikua wakiona rangi ya hudhurungi tu, sasa palikuwa na watu. Waliketi safu kwa safu juu ya sitaha, magoti yameinuliwa hadi kidevuni, migongo imesongamana, na hakuna aliyezidi ukubwa wa ukucha wa mtoto.

“Nimewaona mimi,” nilisema. “Na Shakir.”

Jina hilo lilinitoka kwa wepesi usiomstahiki fundi wa picha. Mbele yake sikuzote nilikuwa nikimwita mwanawe Bwana Shakir. Niliyaona macho ya Bi Khairiya yakitambua lile neno lililokosekana, yakalitafakari, kisha yakaelewa.

“Na Shakir,” alirudia. “Kumbe.”

Picha ile ilikuwa fahari ya nyumba yao. Ilitundikwa juu ya mto wa kukalia wa mwenye nyumba, katika fleti yao ya Al Muraqqabat, kama ilivyotundikwa Unguja kabla familia haijahamia Dubai. Ilionyesha merikebu ya milingoti mitatu katika bahari iliyochafuka, chini ya mawingu mazito ya mvua. Kila mgeni alielezwa, kabla kahawa haijafika, kwamba hicho ni chombo cha babu yao mkuu, mfanyabiashara wa Unguja, aliyemwajiri mchoraji wa Kifaransa aliyekuwa akipita bandarini katikati ya karne ya kumi na tisa. Kisha alielezwa jambo la pili, nalo lilisemwa kwa uchaji: kwamba hii ndiyo picha pekee inayoruhusiwa katika chumba kinachosaliwa, kwa kuwa haina kiumbe chenye roho ndani yake. Ni mbao, maji na mbingu. Ni bahari isiyo na watu.

Moshi wa udi uliokuwa ukifukizwa kila Ijumaa ulikuwa umeitia weusi. Bi Khairiya alitaka ing'ae siku ya hitima ya mwaka ya marehemu mumewe, na alikataa katakata isitoke nyumbani. Shakir ndiye aliyekuja kuulizia fundi kwenye karakana ya kusafisha picha, Al Quoz, ambako nilikuwa nikijifunza kwa mikono yale ambayo chuo kilinifundisha kwa vitabu. Nilimweleza jinsi vanishi inavyozeeka, naye akanisikiliza kama mtu anayepewa habari za afya ya mzazi wake. Siku iliyofuata alirudi na swali jingine. Baada ya hapo alirudi bila swali lolote, akakaa tu, akitazama mikono yangu, hata mwalimu wangu akaniuliza kama kijana yule naye ameletwa kusafishwa.

Tulikuwa tumekubaliana. Ningekuja kufanya kazi kwao, mama yake angenizoea, na hitima ikishapita Shakir angezungumza naye ili wazee waje kwetu na posa. “Akupende kwanza,” aliniambia tulipokuwa tukivuka Khor, mkono wa bahari unaoikata Dubai, kwa mashua ya abra, magoti yetu yakikaribiana bila kugusana. “Akishakupenda, hatauliza mengi.”

Nami nilipendwa. Bi Khairiya aliniwekea chakula cha mchana, akacheka Kimvita changu na kukisahihisha kwa Kiunguja chake, akaniita mwanangu. Hata juzi, nilipogusa ile hudhurungi nikidhani ni moshi, ikayeyuka papo hapo na chini yake likatokea goti la mtu, nilisikia sauti yake jikoni akiwaambia wasaidizi wake kwamba binti wa picha asipewe pilipili nyingi. Nilimwita Shakir kwa ishara. Alichutama kando yangu, akatazama kwa muda mrefu, pumzi yake ikigusa shavu langu. “Endelea,” alisema. “Kilichomo kimo.”

Sasa mama yake alimwita kwa jina, mara moja tu, naye akaja kutoka chumba cha kulia alikokuwa akipanga juzuu za wasomaji. Alikuwa amekwisha kuvaa kanzu nyeupe. Alipoingia, macho yake yalinitafuta mimi kabla ya kumtafuta mama yake. Na hilo nalo Bi Khairiya aliliona.

“Wewe ndiye uliyeruhusu hili?”

“Mimi, mama.”

“Siku ya hitima ya babako.”

Bi Khairiya aliliweka sinia juu ya zulia, taratibu, kisha akanigeukia. Alisema kwa upole kwamba wazee wangefika baada ya Alasiri, wakiongozwa na ami Junaid, kaka mkubwa wa marehemu, na kwamba wangesali Magharibi humu humu. Je, watu wazima wale wasujudu mbele ya picha ya viumbe? Mimi ni binti wa Kiislamu, nilijua jibu. Rangi nilikuwa nazo katika sanduku langu. Niwarudishe watu wale chini ya rangi, kama walivyokuwa, na tusizungumze tena.

Hoja yake ilikuwa nzito, nami sikuidharau. Mimi pia nimesujudu katika chumba kile. Ndiyo sababu nilijibu kwa heshima yote niliyokuwa nayo: kama tatizo ni sala, basi picha na itoke chumbani. Tuipeleke koridoni au chumba cha kulala. Hakuna haja ya brashi.

“Na ukuta?” aliuliza.

“Utabaki mtupu, Bi Khairiya. Kwa leo tu.”

“Ukuta mtupu huuliza maswali.”

Alinyamaza ghafla, mdomo ukiwa wazi kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Shakir alimtazama mama yake. Kutoka mtaani ilipanda honi ya lori la mizigo, ikakatika.

“Ulijua,” alisema Shakir.

Bi Khairiya aliketi. Hakuketi juu ya mto. Aliketi pembeni mwa zulia, karibu na picha, na kwa mara ya kwanza tangu aingie aliitazama kwa karibu. Alitusimulia bila kututazama. Wakati wa fungate yake, mama mkwe wake alimkalisha chini ya picha hii akamwambia: humo ndani wamo watu, nasi tumewafunika. Baba mkwe alikuwa amemwita mpaka rangi wa mabango, akamsimamia mpaka akamaliza. Aliyeuliza aliambiwa ni kwa ajili ya sala. “Nami nikasema naam,” alisema Bi Khairiya. “Nilikuwa bibi harusi. Bibi harusi husema naam.”

“Ni akina nani?” Shakir aliniuliza mimi.

“Walikuwa mabaharia,” mama yake alijibu kabla yangu.

“Mabaharia hawakai hivyo wakati bahari imechafuka,” nilisema.

“Abiria, basi. Mahujaji. Babu yao alikuwa akisafirisha mahujaji.”

“Mahujaji hubeba mizigo yao, Bi Khairiya. Hawa hawana hata kifurushi.”

Nilitamani kuishia hapo. Lakini Shakir alikuwa akinitazama kwa macho yale yale aliyonisikiliza nayo siku ya kwanza, na mimi sijui kumdanganya mtu anayenisikiliza hivyo. Nikawaeleza. Katika karne ile, mwenye chombo alimwagiza mchoraji bandarini kama leo mtu anavyolipiga picha gari lake jipya. Hakutaka uzuri wa bahari. Bahari ilikuwa sehemu rahisi, mawimbi yale yale yakirudiwa katika kila picha. Alichotaka ni mali yake ionekane. Alikuja kuikagua kamba kwa kamba, tanga kwa tanga, na kilichokosekana mchoraji alirudi kukichora. Kwa hiyo kila kilichomo katika picha ya namna hii kimo kwa sababu mwenyewe alitaka kiwemo. Nikawaonyesha, nyuma ya usukani, mtu mdogo mwenye kilemba, naye ametoka chini ya ile hudhurungi, aliyekaa kwenye kiti, juu yake mwavuli. Nikawaonyesha jinsi mchoraji alivyozitia nuru kamba za mlingoti, na jinsi alivyowatia wale watu nuru ile ile, kwa brashi ile ile.

“Hakuwahurumia wala hakuwachukia,” nilisema. “Alilipwa awaonyeshe, kwa kuwa walikuwa sehemu ya shehena.”

Shakir alijishika ukutani. Alikuwa amekaa chini ya picha hiyo tangu utotoni, akijifunza kusoma, akipokea mkono wa Idi. Nilitaka kumgusa bega. Mikono yangu ilikuwa na dawa, na mama yake alikuwa pale.

Ndipo Bi Khairiya alipoinua uso, na swali lake halikuhusu picha tena.

“Wewe ni wa nani, Sundus?”

Hakuwahi kuniuliza. Mwezi mzima wa wali na halwa, hakuwahi. Nilijibu kwamba mimi ni binti Waleed, anayetunza ghala kwa wakala wa mizigo hapa hapa Deira. Kwamba baba yangu ni mwana wa Athman, na Athman ni mwana wa Mwanamkasi.

“Nimekuuliza upande wa baba, umenipa jina la mwanamke.”

“Ndilo tulilo nalo. Ukoo wetu unaanzia kwake. Mwanamkasi binti Abdalla, wa Mombasa.”

“Abdalla yupi?”

Msomaji aliyekulia pwani anajua kilichokuwamo katika swali lile, na asiyejua nitamweleza. Mtu aliyeletwa pwani bila ukoo, aliyesilimu na kuachwa huru bila yeyote kumjua mzazi wake, alipewa Abdalla kuwa jina la baba: mja wa Mungu, kwa kuwa sote ni wake. Lilikuwa jina la huruma. Lakini kizazi hata kizazi, wenye nasaba walijifunza kuuliza swali la maneno mawili, na aliyeulizwa alijifunza kutazama chini.

Mimi sikutazama chini. Lakini jibu sikuwa nalo, nikanyamaza.

“Sikuulizi kukutukana, mtoto,” alisema Bi Khairiya, na naapa alimaanisha. “Nauliza kwa kuwa nitaulizwa. Ami yake Junaid hataniuliza kama unasali, wala kama umesoma. Ataniuliza hilo. Watasema si kufu yake, hamlingani kwa nasaba. Watasema Khairiya amefiwa na mume, nyumba imekosa mtu.”

“Mama, mimi ndiye ninayeoa,” alisema Shakir.

“Hakuna mtu anayeoa peke yake.”

Kisha aliyasugua magoti yake kwa viganja, nami nikamwona akifika mahali fulani moyoni mwake. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mama anayemlisha mgonjwa. Alisema amenipenda. Alisema angelikuwa mtu wa kuchagua kwa macho yake tu, angelinichagua mimi. Kisha akasema hivi, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka:

“Wafunike hao watu sasa hivi, kabla wazee hawajaingia. Ijumaa nitavaa buibui langu nije kwenu na posa, na Junaid atakuja, nitamleta mimi. Sitauliza Abdalla yupi. Na atakayeuliza, nitamjibu mimi mwenyewe, kwa jina nitakalolijua mimi.”

Katika maisha yangu sijapewa zawadi kubwa kama ile. Mwanamke yule alikuwa tayari kusema uongo mbele ya wazee wake kwa ajili yangu. Nami nilielewa masharti: rangi ambayo ingewafunika wale wa sitaha ingetosha kumfunika na Mwanamkasi.

Nilimtazama Shakir. Uso wake ulikuwa umeng'aa, na mng'ao ule ndio ulioniumiza.

“Sundus,” alisema kwa haraka, akachutama mbele yangu. “Ni rangi tu. Wewe mwenyewe ulinifundisha, kila mnachopaka nyinyi kinaweza kuondolewa bila kuharibu kilicho chini. Wafunike leo. Tukishakuwa kwetu tutawafunua, mimi na wewe.”

“Lini?”

“Baadaye.”

“Mbele ya nani? Ami yako akiwa hai? Mama yako akiwa hai? Au siku tutakapokuwa na mtoto anayeuliza kwa nini sitaha ya chombo cha babu ni tupu?”

“Usinifanyie hivi.” Sauti yake ilikuwa chini, karibu na sikio langu, na kulikuwa na hasira ndani yake ambayo sikuwahi kuisikia. “Nimengoja muda wote huu kusikia mama yangu akisema atakuja kwenu. Amesema. Umemsikia. Na wewe unawachagua watu waliokufa kuliko mimi niliye hai?”

“Siwachagui wao,” nilisema. “Nikiingia nyumba hii kwa rangi hiyo, Shakir, sitakuwa nimeingia mimi. Ataingia mjukuu wa Abdalla ambaye mama yako atamtunga leo jioni. Huyo ndiye utakayemwoa. Mimi nitabaki nje.”

“Nakupenda.”

Hakuwahi kulisema mbele ya mtu. Alilisema mbele ya mama yake, siku ya hitima, amechutama juu ya zulia la baba yake, na kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kulijibu kwa namna anayoitaka.

“Nami nakupenda,” nilisema. “Ndiyo maana siwezi kukupata hivi.”

Adhana ya Alasiri ilianza msikitini, mtaa wa pili. Ilipokwisha nilizifunga chupa zangu, nikazipanga sandukuni, nikajifuta vidole kimoja kimoja. Nilingoja. Ningedanganya kama ningesema sikungoja. Shakir alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho yake kwa mama yake, kisha kwangu, kisha kwa mama yake, na miguu yake haikutoka pale.

“Wapaka rangi hawakosekani Deira,” alisema Bi Khairiya. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejikumbusha kazi iliyobaki.

“Hawakosekani,” nilikubali. Nikambusu mkono, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku ninapoaga, naye hakuuondoa. Kisha nikatoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Katika barabara za Deira wachukuzi walikuwa wakisukuma mikokoteni ya marobota, wakipigiana kelele za yalla yalla, haraka haraka, kwa lugha zote za dunia, na mimi nilipita katikati yao nikiwa sioni vizuri. Simu yangu haikulia. Nilijiambia kwamba mwanamume aliyetakiwa kusimama upande wangu hakusimama, na kwamba hilo ni jibu, na kwamba mtu mwenye akili hulipokea jibu anapopewa. Nilijiambia hayo mpaka ngazi za kwetu. Moyo haukuyapokea.

Mama alikuwa akikata vitunguu. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, na yeye hakuacha kukata, ila kisu kilipunguza mwendo. Baba alirudi kutoka ghalani, akasikiliza sehemu iliyobaki akiwa bado na viatu. Baba yangu si mtu wa maneno mengi. Aliuliza jambo moja tu.

“Ulipoulizwa Abdalla yupi, ulijibu nini?”

“Nilinyamaza, baba.”

Aliinama akafungua kamba za viatu vyake. “Mimi nilimuuliza baba yangu swali hilo hilo nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nimeulizwa chuoni, tulikosoma Kurani, na watoto wenzangu walikuwa wamecheka. Naye alinyamaza hivyo hivyo.” Kisha akaenda kutawadha, na nilisikia maji yakitiririka kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Baina ya Magharibi na Isha, mtu alibisha hodi.

Nilikuwa jikoni na mama. Kwetu jiko na sebule hutenganishwa na pazia tu, kwa hiyo nilimjua kabla baba hajafungua mlango. Niliijua salamu yake. Mama alinishika kifundo cha mkono nisisogee.

Shakir alimwamkia baba shikamoo, akajitaja jina, jina la baba yake, na jina la babu yake. Kisha akasema amekuja kumposa Sundus.

Kwetu mwanamume hajiposei. Posa hutanguliwa na mshenga, hubebwa na wazee, husemwa na mtu mwingine kwa lugha ya kuzunguka, na kijana mwenyewe hukaa mbali akingoja kuambiwa. Kijana anayekuja mlangoni peke yake na neno hilo mdomoni ama hana adabu ama hana watu.

“Leo si hitima ya baba yako?” aliuliza baba.

“Ni leo. Dua tumemaliza, na Magharibi tumesali. Nimetoka kabla ya chakula.”

“Na ile picha?”

Shakir alieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda ngazi mbio. Nilipoondoka, alisema, alibaki amesimama pale pale mpaka aliposikia lifti ikiwaleta wageni wa kwanza. Ndipo alipoinyanyua picha kwa mikono yake, akaitoa majlisini, akaitundika koridoni, kando ya mlango, ambapo hakuna awezaye kuingia asipite mbele yake. Ami Junaid alisimama akavaa miwani. Akauliza hawa ni kina nani.

“Ukamjibu nini?”

“Kwamba anayekaa chini ya mwavuli ni babu yetu, na wanaokaa juani ni watu aliowauza. Nikamwambia pia kwamba nitamwoa binti wa Mwanamkasi, kama atanikubali, na kwamba swali lolote kuhusu nasaba aniulize mimi, kwa kuwa yangu ndiyo yenye jambo la kujibu.”

Mama aliuachia mkono wangu. Sikujua alikuwa ameukaza kiasi gani mpaka alipouachia.

“Ami yako alisemaje?”

“Alivua miwani, akaingia ndani. Hakunipa mkono baada ya sala.”

“Na mama yako?”

“Aliwahudumia wageni. Nilipoaga, nilimwambia ninakokuja. Hakunizuia. Wala hakunipa mtu wa kufuatana naye.”

Baba alivuta pumzi. Nilimfahamu baba yangu. Nilijua mtu huyu, aliyebeba swali moja tangu utotoni, hangekubali binti yake achukuliwe kwa mlango wa nyuma na ukoo wowote, hata na mwana wao aliye bora.

“Kijana,” alisema, “kwetu posa haijileti. Huletwa. Mwenye kumtaka binti yangu ataleta wazee wake, wakae hapa, wanywe maji yangu, wamtaje kwa jina lake na jina la bibi yake, nami nisikie. Wazee wako wako wapi?”

“Hawakuja.”

“Basi mimi sijaona posa.”

Nilifumba macho. Nilimsikia Shakir akisema naam, kwa sauti ndogo kabisa, na nikasikia visigino vya viatu vikigeuka juu ya sakafu. Mama alikuwa amesimama mbele yangu kama ukuta.

“Unakwenda wapi?” alisema baba.

“Umesema hukuiona, baba.”

“Posa sijaiona. Nimemwona mgeni, aliyetoka kwenye hitima ya baba yake hajala. Mgeni hasimamishwi mlangoni mwangu. Vua viatu uingie. Wazee wako wakiwa tayari, hata ikiwa mwakani, mlango ni huu huu, nami ni huyu huyu.”

Kiti kilivutwa. Mama alikuwa amekwisha kuchukua sinia, kikombe na chupa ya chai. Aliinua pazia kwa kiwiko, kisha akasita. Akarudi nyuma hatua moja. Akaliweka sinia mikononi mwangu na kunirekebishia mtandio kichwani.

“Mposaji hatumtolei binti,” alininong'oneza. “Mgeni hupelekewa chai.”

Ndipo nilipoelewa alichokifanya baba yangu. Angelimpokea Shakir kwa lile alilolijia, ningelibaki nyuma ya pazia usiku ule na siku nyingi baada yake, nikisemewa na wengine.

Nilitoka. Shakir alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kanzu yake ina alama ya vumbi la fremu kifuani, uso wake wa mtu asiyejua kesho atalala kwa nani. Aliponiona alisimama, kisha akakumbuka mahali alipo, akaketi. Nilimimina chai. Baba alitazama dirishani, kwa makusudi na kwa muda mrefu, kama kwamba taa za jengo la mbele zilikuwa na jambo la kumweleza.

Shakir alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanitazama. Mimi sikutazama chini.